Kitabu Kilichoanzia Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumanne ile walipomchukua yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, Adeline, hawakuniambia nimletee nguo wala chakula. Walinituma kitabu. Yule mwenye bunduki begani alisema kifike kabla ya saa nane, na kisipofika watajua hakuna kitabu. Kisha wakampandisha nyuma ya pikapu, wakaenda naye upande wa bulvari, ile barabara kuu ya mji. Mimi nikabaki kwenye mlango wa parsele yetu, yaani kiwanja chetu, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kilikoenda.

Ilikuwa Januari ya mwaka elfu mbili na tatu. Kundi moja la wapiganaji lilikuwa limeshika mji wa Bunia, na kila mtu alijua kwamba makundi mengine yako vilimani yanasubiri zamu yao. Watu walichukuliwa kwa mambo madogo sana: jina la ukoo, namna ya kutamka neno, taa iliyowashwa saa isiyofaa. Adeline alichukuliwa kwa sababu ya ndege. Kitabu nilichotumwa kilikuwa chake tangu ana miaka minane.

Baba yetu, Katsuva, alikuwa Munande wa Butembo aliyehamia Bunia kabla hatujazaliwa, akafungua duka la chumvi, maharage na karanga. Miaka ile mifuko ya plastiki ilikuwa bado. Karanga zilifungwa ndani ya karatasi iliyosokotwa kama pembe, na karatasi baba alizinunua kwa kilo, kutoka ofisi zilizofungwa na nyumba za Wazungu waliohama. Mwaka wa sabini na nne liliingia dukani gunia limejaa vitabu. Kazi ya kuvichana ilikuwa yetu sisi wawili. Adeline alikuwa na miaka minane, mimi sita.

Kitabu hicho hakikuwa na jalada, kwa hiyo hatukujua jina lake wala aliyekiandika. Kurasa arobaini za kwanza zilikuwa zimeshakwenda mjini na karanga ndani. Adeline aliinua mkono ili achane ya arobaini na moja, akaona bata wa porini aliyechorwa kwa rangi, kila unyoya mahali pake, jicho jekundu. Mkono ukabaki juu. Alifungua ukurasa uliofuata, na mwingine, hadi baba akauliza juu ya nini kazi imelala. Yaya alimwomba kitabu kile, akaahidi kuchana vingine viwili vinene siku hiyohiyo. Baba hakuwa msomaji, lakini alipenda watoto wanaokaa kimya. Akakubali.

Nami nikaomba changu, kwa wivu tu. Nikapewa kitabu chembamba cha hadithi ya upelelezi ambacho mwisho wake ulikuwa umechanwa. Sikuweza kukisoma hadi miaka minne baadaye, na nilipokisoma, nikafika pale inspekta anapowaita watu wote sebuleni ili amtaje muuaji, na hapo karatasi zikaisha. Sijui nani aliua. Tangu hapo nikishika kitabu naanza na kurasa za mwisho, na vitabu ninavyovitafuta ni vya aina hiyo tu, vya watu wanaouliza na watu wanaojibu.

Adeline yeye alijifunza Kifaransa ndani ya kitabu cha ndege. Kabla hajajua kusema "nina njaa" kwa Kifaransa, alijua kusema "mkia umegawanyika" na "hujenga kiota chake karibu na nyumba za watu." Alikariri ndege kwa namba za kurasa. Mwewe alikuwa hamsini na mbili. Mbayuwayu walikuwa mia na themanini na saba. Tukitumwa maji alisimama njiani ghafula, akasema namba, nami nikajua kuna kitu juu ya mti.

Ila ndege wa maji, wale wenye miguu mirefu, walikuwa katika zile kurasa arobaini zilizopotea. Hao aliwapa majina mwenyewe. Kulikuwa na mmoja wa kijivu, shingo ndefu, aliyependa kusimama ndani ya mto Nyamukau bila kutikisika, mguu mmoja umekunjwa. Baadaye nilisikia kwamba watu wa pwani humwita korongo. Sisi tulimwita Koplo, kwa ajili ya koplo mmoja wa jandarmeri, polisi wa kijeshi wa wakati ule, Ambroise, aliyesimama mbele ya duka la baba kutwa nzima. Alikuwa na kidonda kisichopona, kwa hiyo naye alisimama kwa mguu mmoja.

Hivyo ndivyo yaya wangu alivyokua. Alipofika sekondari alianza kuandika kwenye kaye, zile daftari za shule za kurasa mia, kila ndege aliyemwona: namba ya ukurasa, wangapi, saa ngapi, mahali gani, wanaelekea wapi. Hakuacha. Akawa daktilo, yaani mpiga chapa, katika ofisi ya wanunuzi wa kahawa. Akaolewa na Mathieu, dereva wa lori la Aru, akamzaa Patience, na kaye ziliendelea. Akiazima vitabu kwa mapadri alichagua vile vya mawe, vya nyota, vya wadudu. Nilimpa hadithi zangu mara nyingi. Alizirudisha baada ya siku mbili, akilalamika kwamba mwandishi amesema "ndege akaimba" bila kusema ndege yupi. Kwake huo ulikuwa uvivu, na mtu mvivu kwa jambo dogo hawezi kuaminiwa kwa jambo kubwa.

Vita ilipofika mjini, ofisi ya kahawa ikafungwa. Njia ya Aru ikakatika, Mathieu akabaki huko na lori lake, na habari zake tukazipata mara mbili tu kwa njia ya foni, ile redio ya kuzungumzia. Mama yetu alikuwa Butembo kwa kaka zake. Nyumbani kartiye Saio, mtaa wetu, tukabaki watu watatu: Adeline, Patience wa miaka tisa, na mimi, mjane, niliyekuwa nakaanga mandazi siku ambazo unga unapatikana. Adeline hakuwa na kazi tena. Alikaa barazani na kaye. Nilimwambia aache. Nilimwambia mtu anayeangalia juu na kuandika, wakati huu, si mtu anayeangalia juu na kuandika tu. Alinijibu kwamba asipoandika, masikio yake yanasikiliza risasi peke yake.

Nilimwacha, na hofu yangu nikakaa nayo mimi.

Wapiganaji waliingia asubuhi ya Jumanne hiyo kutafuta redio ya mawasiliano. Redio hawakuikuta. Walikuta kaye kumi na moja, zimepangwa juu ya kabati, na ya juu kabisa iko wazi. Mmoja wao alijua kusoma. Juu ya kila ukurasa yaya alikuwa ameandika neno moja kubwa, "Ndege." Chini yake ilikuwa hivi: hamsini na mbili, tatu, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, zimetoka upande wa Tchomia, zimeelekea mto Shari. Na chini zaidi: Koplo wawili, daraja la Nyamukau, saa kumi na moja jioni, hawaondoki.

Yule mtu aliuliza swali moja tu. "Ndege ya manyoya ao ndege ya chuma?"

Adeline alimjibu kwamba ni ya manyoya, kwamba namba ni za kurasa, kwamba kitabu kipo. Hawakumpa nafasi ya kusema kiko wapi. Walichukua kaye zote, wakamchukua na yeye.

Nilijua kiko wapi. Tangu uporaji wa Agosti, watu wengi wa mtaa wetu walikuwa wamezika vitu vyao. Sisi tulizika bidoni, dumu la plastiki lililokatwa mdomo, nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Ndani mlikuwa na diplomu ya Adeline, cheti cha ubatizo cha Patience, picha ya baba, na kitabu. Tatizo lilikuwa kuchimba mchana. Siku zile mtu akikuona na jembe nyuma ya nyumba alifikiri mawili: unazika bunduki, au unazika mtu. Na parsele yetu ilikuwa na uzio wa matete uliojaa matundu.

Nilimweka Patience ndani na kumwambia asitoke hata akisikia jina lake. Nilianza kuchimba. Udongo ulikuwa mgumu kuliko siku tulipozika. Nilikuwa nimechimba kiasi cha goti nikasikia sauti upande wa pili wa uzio. Ilikuwa ya jirani, mama Clémence. Sikumwamini mama Clémence. Tangu pikapu iondoke nilikuwa najiuliza nani aliyewaelekeza wale watu kwetu, na jina lake lilikuwa limepita kichwani mwangu mara kadhaa.

Barabarani kulikuwa na watu wawili wenye silaha wanapita. Mama Clémence alipaza sauti kama anayezungumza na kiziwi, akaniuliza kama viazi vyangu vimekomaa ama nachimba bure, akaendelea kulalamikia fuko waliomaliza vyake, na mvua, na mbegu mbaya. Wale wawili walisimama kidogo, wakasikiliza habari za viazi, wakaenda zao. Naye akanyamaza, akaingia ndani. Hatukuzungumza habari hiyo tena maisha yetu yote. Bado sijui kama aliniokoa kwa wema au kwa kulipa kitu.

Kitabu kilikuwa kikavu. Nikakifunga ndani ya kitenge, nikamkabidhi Patience kwa mama Clémence kwa sababu hapakuwa na mwingine, nikatoka. Saa yangu ilisema saa sita na nusu.

Kutoka kwetu hadi nyumba waliyoifanya makao yao si mbali, lakini kulikuwa na bariyeri mbili, vizuizi vyao vya barabarani. Ya kwanza walinipitisha. Ya pili walifungua kitenge. Kijana aliyekishika kitabu hakukisoma. Alipapasa karatasi kati ya vidole viwili, kama mtu anayechagua kitambaa, akamwambia mwenzake kwamba hii ni laini, inafaa tumbaku. Nilimwambia kitabu ni cha kamanda, kamanda anakingoja. Akasema kamanda hawezi kukosa karatasi moja. Akafungua katikati, akachana.

Niliona namba kabla hajaisokota. Mia na sitini na sita.

Akanirudishia kitabu. Nilitembea huku nikijaribu kukumbuka mia na sitini na sita ni ndege gani, na Adeline amemwandika mara ngapi. Sikukumbuka. Mimi sikuwahi kukariri kurasa. Nilikuwa nikitembea karibu naye miaka ishirini na tisa nikisikia namba hizo kama mtu anavyosikia mvua, na sasa maisha yake yalikuwa ndani ya namba, na moja ilikuwa inageuka moshi nyuma yangu.

Kamanda alikuwa ameketi barazani, mtu wa miaka kama thelathini na mitano, shati limepigwa pasi, ndara za plastiki miguuni. Kaye zilikuwa mezani mbele yake. Adeline alikuwa chini, ameegemea ukuta, kitambaa cha kichwa hakipo. Tulitazamana, nikaona midomo yake imekauka, lakini hakuwa amepigwa. Waliniambia nisimsemeshe.

Kamanda alifungua kaye, akaweka kidole juu ya mstari, akamuuliza Adeline bila kumtazama hamsini na mbili iko nini. Adeline alisema mwewe. Kamanda akafungua kitabu, akatafuta ukurasa, akautazama muda mrefu, akarudi kwenye kaye. Mia mbili na kumi. Chozi, dume. Mia na themanini na saba. Mbayuwayu. Kila alipovuta pumzi ya kusoma namba nyingine, mimi nilisikia mia na sitini na sita kabla hajasema. Alisoma sabini na tatu. Alisoma mia na thelathini na moja. Alisema "mia na sitini," akasimama kusogeza kaye kwenye mwanga, nami nikashika nguzo ya baraza. "Na mbili," akamalizia.

Adeline alijibu zote. Kisha kamanda akafunga kitabu, akasema kwamba kuna moja haina namba. Akaamuru yaya apelekwe nyuma ya nyumba. Alipoondoka, kamanda akanigeukia mimi.

"Weye njo mudogo wake?"

Nilisema ndiyo, mimi ndiye mdogo wake.

"Koplo ni nani?"

Ndipo nikaelewa anafanya nini. Nilikuwa nimekisoma kitu hiki mara hamsini katika hadithi zangu: watu wawili wanatenganishwa, wanaulizwa swali moja, majibu yanawekwa pamoja. Na katika hadithi hizo wanaoangamia si wale wasiojua. Wanaoangamia ni wale wanaopamba. Lakini katika hadithi mimi huwa nimeshasoma mwisho. Hapa sikujua Adeline amesema nini saa zile alizokaa nao peke yake, kama kwa hofu alitafuta jibu jepesi, kama alimtaja jirani, au alisema ni jina la mchezo. Nilijua kilicho kweli tu. Nikakisema kama kilivyo, bila kuongeza: ndege wa kijivu, shingo ndefu, anasimama mtoni, kurasa zake zilifungiwa karanga dukani kwa baba, tulimwita hivyo kwa sababu ya koplo Ambroise wa jandarmeri, aliyesimama kwa mguu mmoja kwa ajili ya kidonda.

"Kidonda ilikuwa mu mguu gani?"

Nilijaribu kumwona Ambroise. Niliona kofia yake, niliona mkanda. Miguu sikuiona. Nilijua nikibahatisha nina nafasi moja kati ya mbili, na kwamba nikikosea yaya hatarudi nyumbani. Nilijua pia kwamba nikisema sijui, ataona nakwepa.

"Sikumbuke, kamanda," nilisema. "Nilikuwa mutoto."

Alinitazama. Akainuka, akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilisikia sauti yake chini kwa chini, na ya Adeline, fupi. Mlinzi aliyekuwa karibu yangu alikuwa akimenya muhogo kwa kisu cha bunduki, na nilihesabu maganda yakianguka kwa sababu macho yangu hayakuweza kukaa mahali pengine.

Kamanda alirudi, akaketi.

"Mukubwa anasema kushoto. Hakufikiri hata kidogo." Akasukuma kaye pembeni. "Kama mungepanga uongo, mungepanga na mguu."

Wakamleta Adeline. Hakuna aliyesema kwamba yuko huru, na sisi hatukuthubutu kuuliza. Kamanda alikuwa amefungua tena kitabu, na sasa hakuwa akitafuta namba. Alikuwa akigeuza kurasa moja moja, pole pole, akilamba kidole. Kila alipokaribia katikati nilifikiri ataona ukingo uliochanika. Alipita juu yake. Mbele kidogo akasimama. Alikuwa amekuta yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kilemba kichwani, anayekaa katika misitu. Alitaja jina lake kwa lugha ya kwao, akamuuliza Adeline kama kitabu kinasema anakula nini.

Adeline alimwambia kinasema matunda. Kamanda akakataa, akasema anakula na majani machanga, yeye aliona kwa macho yake akiwa mtoto. Na yaya wangu, aliyekaa kwa muda wa saa sita mikononi mwao, aliyekuwa bado hajui kama atatoka hai, alisema: "Basi kitabu ilisahau. Ningeiandika." Nilitamani kumziba mdomo.

Lakini kamanda alikubali kwa kichwa. Alisema kitabu kinabaki kwake. Kuhusu kaye, hakubishana na mtu. Mambo ya kuandika saa na njia za kupita, alisema, mama, imeisha. Zilichomwa palepale, chini ya sufuria yao ya chai. Miaka ishirini na miwili ya ndege. Majalada ya plastiki yalitoa harufu mbaya, na walinzi wakacheka kwamba chai itanuka. Adeline alitazama hadi ya mwisho. Kisha tukaambiwa twende.

Hatukusema neno hadi tulipovuka bariyeri zote mbili. Karibu na nyumbani yaya alisimama.

"Mia na sitini na sita haikuwamo," alisema. "Niliona wakati anageuza."

Nikamweleza habari ya tumbaku. Aliniambia ni kale kandege kadogo kanakowaongoza watu hadi kwenye asali. Alikuwa amekaandika mara mbili wiki ile. Aliketi pale njiani, juu ya jiwe.

Mwezi wa tano vita ilirudi mjini kwa nguvu kuliko mwanzo, na safari hii hatukungoja. Tulitoka na Patience kwa mguu, katika msafara wa watu, kwa njia ya Komanda hadi Beni. Siku ya tatu nilimsikia Adeline akinong'ona namba nyuma yangu. Nilifikiri anahesabu hatua. Kisha nikafikiri akili imeanza kumwacha, na hilo liliniogopesha kuliko njia yenyewe, kwa sababu nilikuwa nimebeba mzigo, nimemshika mtoto, na sikuwa na mkono wa tatu. Nikageuka kumkemea. Macho yake yalikuwa juu ya miti. Nilimwacha aendelee. Patience naye akaanza kumuuliza kila namba ni nani, na yaya akamwambia kwa sauti ndogo, na mtoto akatembea siku hiyo bila kulia.

Mathieu alitufikia Beni mwezi wa nane. Alikuwa amezunguka Uganda nzima, kutoka Aru hadi mpaka wa Kasindi, akiuliza katika kila parokia kama kuna mwanamke daktilo kutoka Bunia. Lori aliliuza njiani. Alikuta mke wake amekonda, anapiga chapa barua za parokia, na usiku haandiki kitu.

Tulirudi Bunia miaka miwili baadaye. Nyumba ilikuwa imesimama, bila mlango na bila mabati. Mathieu alitaka kumfurahisha. Alileta kaye mpya, nzuri, ya jalada gumu, akaiweka mezani. Ilikaa hapo mwezi mzima. Siku moja Adeline akaifungua, nami nikachungulia juu ya bega lake, moyo ukinidunda. Alikuwa amebandika jani. Chini yake aliandika jina, umbo la kingo zake, rangi ya utomvu. Hakuandika saa wala upande.

Nilimuuliza kuhusu ndege. Alisema bado anawaona, hawezi kufunga macho. Ila jani, alisema, haliendi popote. Mtu akilikuta kwenye daftari yako hawezi kukuuliza linaelekea wapi.

Sasa anaazima vitabu vya mimea tu. Vya ndege anavirudisha rafuni bila kuvifungua. Hadithi zangu bado hazimpendezi. Patience, ambaye ni mkubwa sasa, anasoma riwaya za mapenzi anazopitishiana na wenzake, na mama yake humuuliza kwa dhati kabisa kama ndani yake kuna mti wowote uliotajwa kwa jina.

Jumapili moja mwaka elfu mbili na sita nilimsindikiza kwenye njia ya Bogoro, nje kidogo ya mji, kutafuta ua moja la njano alilokuwa ameliona kutoka kwenye baiskeli. Alilipata kando ya barabara, akapiga magoti, akatoa kaye. Askari mmoja wa serikali alikuwa akija kwa mguu, peke yake, bunduki mgongoni. Alipofika karibu akapunguza mwendo, akauliza mama anafanya nini hapo.

Adeline alisimama. Aliinyoosha mikono yake mbele, vidole wazi, kaye imeanguka majanini. "Iko ua tu," alisema.

Askari alilitazama ua, akatutakia Jumapili njema, akapita. Alikuwa mtu mpole, nadhani hata hakuelewa. Tulimsindikiza kwa macho hadi akapotea kwenye kona. Niliiokota kaye, nikapangusa udongo, nikampa yaya. Akaishika, lakini hakupiga magoti tena mara moja. Alibaki amesimama kando ya njia, akisikiliza, na mimi nikasimama karibu naye, nikiitazama barabara upande aliotokea yule mtu na upande aliokwendea.